Milimau Miwili ya Mwalimu Obadia

SEHEMU YA SABA

Keni ya kumwagilia ilikuwa inanguruma.

Hapo ndipo tulipoachana Jumapili iliyopita. Shangazi Yasinta amesimama katikati ya kitalu, simu sikioni, anampigia Mwalimu Obadia wa Nduguti. Na Mwalimu Obadia wa Nduguti, mstaafu, mgane, mpenda bustani, anatetemeka ndani ya keni ya bati, hatua nne kutoka miguuni pake.

"Belinda," alisema shangazi. "Hiyo keni ina nini?"

"Nyuki, shangazi."

"Nyuki?"

"Wamehamia jana."

Aliitazama keni. Akanitazama mimi. Hakukata simu, na nyuki nao hawakunyamaza.

"Mbona wanapumzika na kuanza tena?"

Nilifungua kinywa nieleze tabia za nyuki wa Singida, ambazo nilikuwa sijazitunga bado, ndipo sauti ya kiume ikaniokoa kutoka getini.

"Hodi humu!"

Shangazi akakata simu. Nyuki wakanyamaza papo hapo. Niliomba Mungu shangazi asilione hilo.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, mambo ni haya.

Mimi Belinda, wa kidato cha tatu, nimesimamishwa masomo muhula mzima. Kosa langu ni kubandika ubaoni barua yenye muhuri wa kiazi, iliyotangaza kwamba maharage yamefutwa shuleni kuanzia Jumatatu. Bweni zima lilishangilia hadi dirisha likavunjika. Nikaletwa Unyambwa kwa shangazi yangu, dada wa baba, ambaye anaotesha miche na kuiuza kwenye mtandao.

Anaweka picha Facebook. Watu wa Dodoma, Arusha na Dar es Salaam wanaagiza. Yeye anafunga mizizi kwa gunia lenye unyevu, anapanga miche kwenye boksi, na boksi linaondoka na basi. Juu ya kila boksi anaandika kwa kalamu nene: Siku ya arobaini piga picha, utume namba hii. Kwake yeye mche haujauzwa mpaka aone jani jipya.

Ana wateja zaidi ya mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupita getini kwake. Boksi la mwisho likishaondoka, anakaa juu ya ndoo aliyoipindua na kuitazama simu. Simu haisemi kitu. Mtu akishapata mparachichi wake, ana la kuongea na nani tena?

Niliitazama hali hiyo siku tano. Siku ya sita, kwa kukosa mtu wa kumtania, nikamuumba Mwalimu Obadia.

Nilimpa laini yake. Nikampa simu yenye kioo kilichopasuka, ambayo nilibadilishana na tranka langu la shule; ndiyo hiyo niliyoificha kwenye keni. Nikampa makazi Nduguti, kwa kuwa ni mbali na sijawahi kufika. Akaagiza mlimau mmoja. Nilimwandikia shangazi kwamba mtu wangu ataupitia, asihangaike kuutuma. Akahangaika. Boksi likaondoka na basi la Nduguti, nami nikaamua kwamba litakauka ofisini kwa wakala na habari itaishia hapo.

Haikuishia. Mwalimu akawa anaandika kila jioni. Umeshakula? Mgongo unaendeleaje? Leo upepo haujaangusha chochote? Wiki sita nzima shangazi alimjibu kutoka chumbani kwake, na mimi nikasoma kutoka chumba cha pili. Akaanza kuimba akichekecha udongo. Akashona gauni la kitenge.

Ulikuwa utani. Nasisitiza hilo kwa sababu kuna siku nilisahau.

Sasa aliyepiga hodi. Aliyeingia ni Zefania, mdogo wake marehemu Hosea, aliyekuwa mume wa shangazi. Ni mtu wa Manyoni, mwenye kofia ya pama na tumbo linalotangulia kufika. Kwa miezi miwili amekuwa akitaka jambo moja: shangazi afungashe vitu akaishi Manyoni na familia yake, na hapa Unyambwa pajengwe nyumba ya wageni. Leo ilikuwa siku ya jibu.

"Shikamoo baba," nilisema.

"Marahaba. Wewe bado hujarudi shule?"

"Bado natafakari makosa yangu."

"Yatafakari jikoni basi, huku chai inachemka."

Sikwenda jikoni. Nilichukua jembe dogo, nikajifanya napalilia mahali ambapo palikuwa na saruji.

"Shemeji, nimekuja kuchukua neno lako," alisema Zefania.

"Siendi, Zefania."

"Utabaki hapa na nani?"

"Na miche yangu."

"Mche hauchemshi uji. Mwezi wa pili ulipoumwa malaria, nani alijua? Siku mbili umelala humo ndani. Aliyekukuta ni nani? Msoma mita wa maji!"

 Ilikuwa kweli. Msoma mita aligonga, akasikia kikohozi, akasukuma mlango. Wateja mia mbili na zaidi, na aliyemwokoa alikuja kusoma mita.

"Kaka hakukuacha hapa uozee peke yako," Zefania aliendelea, na sauti yake haikuwa mbaya. "Kwangu kuna watoto, kuna kelele. Utasahau."

"Sitaki kusahau. Na siko peke yangu. Kuna mtu."

Jembe likanitoka mkononi.

"Mtu gani?"

"Mwalimu mstaafu. Yuko Nduguti. Kesho naenda kuiona bustani yake."

"Mlikutana wapi?"

"Kwenye simu."

Zefania alicheka mpaka kofia ikahama mahali pake. "Shemeji! Kwenye simu hata mimi ni kijana wa miaka thelathini!"

"Cheka tu."

"Sicheki, nalia. Sikiliza. Mpigie sasa hivi. Nikimsikia kwa masikio yangu, narudi Manyoni na ukoo nitaunyamazisha mwenyewe. Asipopokea, wiki ijayo naleta lori."

"Lori la nini?"

"La vyombo vyako."

Ndugu msomaji, umeiona mizani. Upande mmoja lori. Upande wa pili Mwalimu Obadia, ambaye alikuwa ndani ya keni na hakuwa na sauti ya kiume.

Nilifikiri haraka. Ningeichukua keni, nijidai nakwenda kumwagilia mapapai, nikifika nyuma ya banda la kuku nipokee simu kwa sauti nzito niliyoifanyia mazoezi bwenini kumwigiza mwalimu wa zamu.

"Mapapai yana kiu," nilitangaza.

"Umeyamwagilia saa tisa," alisema shangazi.

"Yamepata tena."

Nikaibeba keni mpaka kwenye pipa. Nikaiinamisha kidogo tu, nichomoe simu kwa siri. Kitu kikateleza ndani ya bati. Nikasikia chubwi.

Mwalimu Obadia alifariki dunia saa kumi na dakika arobaini alasiri, kwa kuzama kwenye pipa la lita mia mbili. Alikuwa na umri wa wiki sita. Hakuacha mke wala mtoto. Ameacha shangazi mmoja.

Nilitaka kucheka. Kicheko kikakwama, maana nilikumbuka kwamba mle majini mlikuwa na jioni zetu zote.

Nyuma yangu shangazi alikuwa amekwisha kubonyeza namba na kuweka spika. Nikasubiri sauti ya yule dada anayesema mteja hapatikani. Nikaanza kuhesabu vyombo vitakavyopakiwa kwenye lori: kitanda, meza, masufuria saba.

Simu ikaita.

Ikaita tena.

"Haloo," ikasema sauti ya mwanamume. "Nani mwenzangu?"

Niliangalia ndani ya pipa. Simu ya Mwalimu Obadia ilikuwa imelala chini kabisa, imezimika, ikitoa povu la mwisho.

"Ni Yasinta wa miche, Mwalimu."

"Aa, Dada Yasinta. Habari za jioni."

Ilikuwa sauti kavu na ya polepole, sauti ya mtu aliyekula vumbi la chaki miaka mingi. Sikuwahi kuisikia maishani mwangu.

"Njema, Mwalimu. Niko na shemeji yangu hapa, anataka kukusalimia."

"Mpe."

Zefania aliikaribia simu kama mtu anayekaribia chungu cha moto. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani hakulikusudia. Alivua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Jina lako?"

"Zefania."

"Sema kwa sauti, Zefania."

"Zefania, Mwalimu!"

"Vizuri. Unataka kuuliza nini?"

 Zefania alizungusha kofia mikononi. "Nilitaka kujua... ule mlimau wa shemeji unao kweli?"

"Mlimau ninao hapa mbele yangu. Una majani mapya manne. Mbuzi wa jirani alikuja kuusabahi, nikauzungushia miiba."

"Na kesho shemeji anakuja huko?"

 Nilisikia jogoo akiwika upande wa pili, Nduguti halisi, mahali nilipopachagua kwa sababu ni mbali.

"Hilo tulilizungumza jana, ndiyo," alisema yule mtu. Kisha akauliza taratibu, "Bwana Zefania, huyu shemeji yako anao watu wa kuongea nao huko?"

Zefania alimtazama shangazi. Shangazi alitazama viriba vya miche.

"Hapana, Mwalimu," alisema Zefania. "Hana."

"Nilidhani hivyo. Haya, jioni njema."

Simu ikakatika. Zefania alirudisha kofia kichwani na kuivuta chini hadi kwenye nyusi.

"Neno langu ni neno," alisema. "Lori haliji. Ila leo nalala mjini. Kesho saa nne asubuhi nakuja hapa, twende Nduguti wote wawili. Nimemsikia, sasa nataka kumwona."

"Si ulisema masikio yatatosha?"

"Yamenitosha mimi. Ukoo utaniuliza ana sura gani."

Akaondoka bila kunywa chai. Geti likafungwa. Upepo uliinua karatasi za nailoni, ukazilaza.

Shangazi alitembea hadi kwenye pipa. Akakunja mkono wa blauzi mpaka begani, akazamisha mkono wote, akapapasa, akaitoa simu. Maji yalitiririka kutoka kwenye ufa wa kioo.

"Nyuki wako huyu," alisema.

Nilikuwa na maelezo matatu tayari. 

"Unadhani kwa nini nilipiga ile namba leo, ukiwa umesimama pale? Nilitaka kusikia italia wapi."

"Ulijua?"

"Njoo ukae."

Alikaa juu ya ndoo yake. Mimi nikakaa kwenye rundo la samadi, maana ndilo lililokuwepo na ndilo lililonistahili. Akafungua simu yake na kunionyesha picha mbili.

Ya kwanza niliijua. Ni mlimau nilioupanda mwenyewe nyuma ya banda la kuku na kuupiga picha siku ya arobaini, ili Mwalimu Obadia atimize sharti la boksi.

"Huu umeuchukua wapi?"

"Pale mwisho, karibu na ukuta."

"Pale ninaotesha mbegu za kawaida. Mimi niliomtumia mtu wa Nduguti ni mche wa kubebesha. Mche wa kubebesha una kovu hapa chini, mahali nilipounganisha tawi na shina jingine. Wako hauna kovu. Wiki zote hizi unamwagilia miche yangu, hujawahi kuyatazama mashina?"

Sikuwahi. Nilitazama majani, kama wateja.

"Picha ilipokuja siku tatu zilizopita nikasema labda mwanga mbaya. Kisha jana jioni nikapigiwa na namba nisiyoijua. Mtu mzima. Anasema, 'Naitwa Mwalimu Obadia wa hapa Nduguti. Boksi lako limeandikwa nikutafute siku ya arobaini.'"

"Boksi?"

"Lilikaa siku tatu kwa wakala. Ndiyo maana arobaini yake imechelewa kuliko yako. Yule wakala akauliza watu, Mwalimu Obadia ni nani? Akaonyeshwa nyumba."

"Kumbe yupo!"

"Yupo."

"Nduguti kuna walimu wastaafu wangapi wanaoitwa Obadia?"

"Mmoja anatosha, Belinda."

Akanionyesha picha ya pili, iliyoingia asubuhi ile kutoka kwa simu ya karani mmoja wa halmashauri, aliyemsaidia Mwalimu kuipiga. Udongo ulikuwa mweusi, wenye nyufa. Mlimau ulikuwa mdogo, umenyooka, na chini ya shina kulikuwa na kovu, limefungwa nailoni kwa mzunguko wa kushoto. Shangazi anatumia mkono wa kushoto. Nyuma ya mche ilionekana ndala moja ya mwanamume. Na kiti kimoja.

"Unajua kwa nini arobaini?" aliuliza.

"Hapana."

"Siku ya arobaini ya Hosea, watu walipokwisha kuondoka, nilitoka nje kukusanya sahani. Mchungwa alioubebesha wiki ile aliyokufa ulikuwa umetoa jani. Sikuwa na wa kumwonyesha." Alifuta kioo cha simu kwa kitenge. "Ndiyo maana nawaomba watu picha."

Nilitamani kiazi, muhuri, barua, chochote cha kuchekesha. 

"Huyo mtu alipopiga jana," shangazi aliendelea, "nilidhani ni yule yule wa jioni zote, kabadilisha laini tu. Unajua nilimwambia nini?"

"Nini?"

Alijifunika uso. "Nilimwambia, 'Nimekukumbuka.'"

"Shangazi!"

"Mtu ambaye sijawahi kumsikia! Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akasema, 'Asante. Muda mrefu sijaambiwa hivyo.' Nikamwambia kesho kutwa nakuja. Akasema karibu. Asubuhi picha yake ikaingia, nikaziweka mbili pamoja, nikaelewa. Leo kumpigia mbele ya Zefania nilikuwa nabahatisha tu."

Alifunua uso. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

"Nikuulize kitu kimoja. Nani alikufundisha kumuuliza mtu kama amekula?"

Nilichezea samadi kwa kidole gumba.

"Siku ya wazazi," nilisema. "Wenzangu wakifika tu getini kwa mama zao, swali la kwanza ni hilo. Umeshakula? Mimi nilikaa kwenye ngazi za bwalo tangu asubuhi, maana baba yuko safarini na mama ana familia yake nyingine. Nikawa nasikia. Nikaona ndivyo watu wanavyoulizwa."

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kuweka mzaha.

 Shangazi akasema, kama anayejisemea mwenyewe: "Kwa hiyo jioni zote zile tulikuwa wawili, nyumba moja, kila mtu na chumba chake, tunaulizana hali kupitia Nduguti."

"Ndiyo, shangazi."

"Umeshakula?"

"Bado."

"Kuna ugali na mlenda. Tukimaliza hapa."

Hatukumaliza, maana simu yake ililia. Ujumbe. Aliusoma, midomo ikitembea bila sauti. Akaurudia tangu mwanzo. Kisha akanipa.

*Dada Yasinta. Nimelitazama boksi tena. Jina ni langu lakini mlimau huu sikuuagiza. Ulipofika nilidhani kuna mwanafunzi wangu wa zamani amenikumbuka, nikaupanda bila kuuliza. Jana uliposema umenikumbuka nilijua si mimi, ila sikuwa na nguvu ya kukataa. Yupo Obadia mwingine, naye anasubiri mche wake. Nimeung'oa pamoja na udongo. Kesho usije. Nakuja mimi na basi la asubuhi, saa nne nitakuwa Unyambwa. Nitamkabidhi mwenyewe, mkononi.*

"Ameung'oa!" Shangazi alisimama, ndoo ikaanguka. "Ndio kwanza umeshika udongo! Jua hili, basi lile, utakufa kabla haujafika mjini!"

Akampigia. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Yule dada akarudia, kwa adabu ile ile. Mwalimu wa Nduguti alikuwa amezima simu, kama mtu aliyekwisha kusema la mwisho.

"Saa nne," nilisema. "Zefania naye saa nne."

"Najua."

"Zefania atasikia kwamba mwalimu mwenyewe hajui chochote. Lori litakuja."

"Najua, Belinda."

Alisimama akilitazama geti, geti ambalo halijawahi kuingiza mteja hata mmoja, na ambalo kesho lingeingiza wanaume wawili kwa wakati mmoja, mmoja na kofia, mmoja na mlimau unaokufa. Halafu akanigeukia.

"Anataka kumkabidhi Obadia mwenyewe, mkononi."

"Ndiyo, shangazi."

"Nyoosha mkono."

Nikanyoosha, kiganja juu, macho nimefumba, jinsi tunavyofanya shuleni tukisubiri fimbo. Fimbo haikuja. Kitu kizito, cha baridi, kiliwekwa kiganjani mwangu, na vidole vyake vikavifunga vyangu juu yake.

Ilikuwa simu ya marehemu.

"Kesho saa nne utampokea wewe," alisema shangazi. "Wewe ndiye Obadia."

Maji yalikuwa bado yanatoka kwenye ufa, tone moja moja, hadi kwenye kiwiko changu.